Naenda Zenji na waifu mara ya kwanza, nitajuaje pa kula na pa kupigwa?

Sato_wa_Kirumba

Wakuu habari za saa hizi. Mimi na waifu tunakaa Mwanza, mwezi ujao tunashuka Dar kwenye harusi halafu tunapanda boti kwenda Unguja siku nne. Lodge tumepata huko huko mjini, wanatoa chai ya asubuhi tu, mchana na usiku tunajitegemea. Shida yangu sio hela sana (ingawa hela yenyewe haipo), shida yangu ni kupigwa. Niwaeleze kilichonikuta ndo mtanielewa.

Mwaka jana nilikuwa Dar kikazi, jamaa mmoja akanivuta sehemu sitaitaja, bango kubwa VYAKULA ASILI VYA PWANI, wahudumu kofia za viua, taarabu inapiga kwa mbali. Nikaagiza urojo, ule mchuzi mzito mchachu wa Zenji, maana nausikia tangu niko shule. Kikaja kibakuli cha uji wa ngano umetiwa manjano, ndani viazi viwili na bajia moja imelowa kama dodoki la kuogea. Uchachu hakuna, pilipili hakuna, nikawa nakunywa kama mgonjwa wa taifodi. Nikaomba ndimu, nikaambiwa ndimu inalipiwa. Pilau nayo punje zote rangi moja utadhani zimechovywa kwenye ndoo ya fundi rangi. Bili elfu ishirini na nne pamoja na soda na nikalipa nikasema asante, kwa sababu mimi mbele ya wahudumu nina aibu sana sijui kwa nini.

Sasa waifu ni mtu wa Bukoba, yeye hiyo aibu hana. Samaki kwake ni sato na sangara, na sato akimwangalia jicho tu anakwambia huyu katoka ziwani jana. Ila huko baharini wote vipofu, changu sijui tasi sijui jodari kwetu ni majina tu. Naombeni dalili za kuangalia KABLA sijakaa, sio nikishalipa. Na vinywaji pia. Nawasilisha.

Mtoto_wa_Buguruni

Mkuu unajipa stresi bure, we shuka kwenye boti nenda Forodhani jioni, ile bustani ya ufukweni, piga Zanzibar pizza mbili na juisi ya miwa, umemaliza. Hayo ya urojo waachie wenyewe.

MamaKaimati

Wewe kijana wa Buguruni muogope Mungu, mtu avuke bahari kuja kula pizza siku nne? Ni tamu sikatai, unga wake mwembamba unatandazwa kwa mafuta, kima, kitunguu, yai, unakunjwa pembe nne unakaangwa, watoto wangu wanaipenda. Lakini mgeni akila hiyo kila usiku atarudi kwao hajala kitu.

Mwanangu Sato karibu sana kwetu. Nnakwambia jambo moja ulishike, huku chakula kina saa yake. Asubuhi kuna vya asubuhi, chai, chapati, maharage, supu. Mchana wali. Urojo ni wa alasiri kwendelea jioni, watu wametoka kazini, watoto wametoka chuoni, madrasa. Sasa ukikuta pahala wanakuuzia urojo saa nne ya asubuhi, biriani saa kumi na moja jioni, pweza saa sita ya usiku, na vyote vipo tayari, jiulize mwenyewe vimepikwa saa ngapi. Mpishi wa kweli wa mtaani anapika sufuria moja, ikisha anaosha anafunga. Ukifika akakwambia "kimekwisha", usikasirike, hapo ndo pahala penyewe, kesho wahi.

Urojo sasa. Usiangalie bango, angalia mkono wa muuzaji. Mzuri hakuchotei kitu kilichokwisha changanywa. Rojo liko peke yake kwenye sufuria juu ya moto mdogo, viazi kando, bajia kando, kachori kando, mishkaki midogo iko jikoni inalia. Anakutilia viazi, anakuvunjia kachori na bajia, anachomoa nyama kwenye kijiti, yai ukitaka, ndo anamwaga rojo. Halafu kijiko cha chatne ya nazi, pilipili kwa kadiri yako, na mwisho kabisa juu anakutupia muhogo uliochanwa nyuzi nyuzi ukakaangwa. Huo muhogo ukiutafuna lazima ulie! Ukiwa umelegea ujue bakuli lako lilitengenezwa zamani lilikuwa linakusubiri.

Na hilo rojo, unga wa ngano upo, hatudanganyani, lakini ni kidogo wa kulishika tu lisiwe maji. Kazi inafanywa na embe bichi, na embe zikiwa si msimu basi ndimu. Likiteremka mashavu yakusanyike. Ulichopewa wewe ni gundi ya mabango.

Jiko_la_Nyuma

Mama kamaliza kwenye urojo. Mimi ni mpishi, nimepika mahoteli ya kaskazini huko Nungwi na Kiwengwa zaidi ya miaka 10, niongeze ya samaki na wali maana huko ndo watu wanapoliwa.

Samaki mzima usiogope, yule yule sato wako. Jicho liwe limejaa na linang'aa, sio limezama lina ukungu. Funua shavu, ndani mekundu, yakiwa kahawia mrudishe. Bonyeza na kidole, nyama irudi. Waifu wako ataweza kuliko wewe. Changu na tasi ni samaki wa kuchoma au kupaka nazi, nyama yao nyeupe laini, mtu wa sato atawazoea haraka. Nguru ni wa vipande, anafaa kukaanga. Jodari mwekundu kama nyama ya ng'ombe na huyu NDIYE wa kuwa naye makini. Jodari akikaa juani kabla ya kutiwa barafu anatengeneza kitu kinachowasha mdomo na kuvimbisha uso, na kitu hicho moto hakikiui, umkaange mpaka awe mkaa bado kimo. Ukitafuna ukasikia ulimi unachomachoma na hujatia pilipili, tema, acha sahani, usione aibu yako hiyo.

Forodhani ni pazuri na mimi naenda na familia, upepo, watoto wanaruka baharini magharibi ikikaribia, ngome ile pale, bustani yenyewe iko vizuri tangu ilivyokarabatiwa ikafunguliwa tena 2009. Ila elewa biashara yake. Mishkaki mingi ya samaki na pweza unayoiona imepangwa mezani imeshapikwa nusu mchana, ukichagua wanaipasha tu juu ya mkaa. Sio dhambi, watu wote wale huwezi kuwachomea kuanzia kibichi. Dhambi ni ile iliyobaki jana. Ukiona kingo zimekauka zimejikunja na rangi imekolea kuliko wenzake, huyo kalala hapo. Nenda mapema, meza zikiwa zimejaa ndo zinaanza, tembea bustani nzima mwanzo mpaka mwisho KABLA ya kukaa, na uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa moto. Ukishasema "niwekee tu, tutahesabu baadae" umekwisha.

Wali wa nazi usile usiku mahali wanapopika mara moja kwa siku. Tui halivumilii joto, wali wa asubuhi ikifika jioni umeanza kuchacha, utauona ukiuvuta na kijiko una utelezi. Wajanja wanaupasha na kuumwagia mchuzi mwingi wa moto usisikie. Pilau inavumilia zaidi. Na pilau ya kweli rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, sio kwenye kopo, ndo maana punje hazifanani, hapa imekolea pale haijakolea, na lazima ung'ate hiliki au karafuu nzima angalau mara moja ukunje uso. Usipoing'ata kabisa mimi nakuwa na wasiwasi.

Sato_wa_Kirumba

Mpishi ubarikiwe, hiyo ya jodari nimemsomea waifu kwa sauti akasema yeye jodari hagusi, basi tumepunguza maswali. Mama shikamoo, "gundi ya mabango" nimecheka mpaka dereva wa daladala kageuka.

Swali la nyongeza, migahawa ya kukaa chini je, yenye meza na sahani, maana kuna usiku mtu umechoka kutembea. Na vinywaji hamjagusa. Juisi, kahawa, na samahanini kwa watakaokwazika, bia moja ya baridi jioni inapatikanaje.

MamaKaimati

Marahaba mwanangu. Bia kwenye migahawa yetu ya chakula usiulize, hupati na utawaudhi watu. Mahoteli na sehemu zenye kibali zipo, ukitaka nenda huko kakae unywe, hakuna atakayekufuata. Na kama safari yenu inaangukia Ramadhani mchana msile wala msinywe njiani, hiyo si adabu tu, ni kosa.

Pa kukaa nenda Mkunazini pale Lukmaan penye mbuyu, kila mtu atakuonesha. Unachopenda hapo ni kuwa chakula kipo wazi kwenye kaunta, unakiona kabla hujakiagiza, unasema nipe hicho na hicho. Mimi sina undugu nao! Nakwambia kwa sababu ya huo utaratibu, pahala popote unapokiona chakula kwa macho ndo sahani ikatiwa, umeshavuka nusu ya kudanganywa. Menyu yenye kurasa kumi na picha mie hunitisha, friji gani hiyo inaeneza vitu vyote hivyo.

Dafu usisahau. Lakini jua majina, maana hapo ndo wageni wanapoibiwa wakicheka. Kitale bado hakijafika, dafu ndo lenyewe, nyama yake laini unaikomba kwa kipande cha ganda kama kijiko. Likipita hapo linakuwa koroma, nyama imekaza na maji yamepungua utamu, halafu ndo nazi. Muuzaji akikukatia ukakuta nyama ngumu ya kung'oa kwa meno, mwambie "hili koroma baba". Tu. Atacheka atakukatia jengine, maana ameshajua si wa kuja.

Kiazi_Karai_001

Sie wa Mombasa twawasoma tu humu mwajisifu na urojo, haya. Mie nilikuja Unguja mara mbili, kwa shemeji yangu. Urojo nimeula, mtamu, nimekubali, ingawa kwa roho safi kabisa kiazi karai cha kwetu na ukwaju wake hakuna kitu chenu chaweza kusimama nacho, na mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ndio usiseme. Lakini si nilichojia.

Nilichojia ni mafuta. Ndugu yangu Sato, kokote uendako kwenye kitu cha kukaangwa, bajia, kachori, kiazi, pweza, simama dakika moja uangalie karai. Mafuta mazuri waona mpaka chini. Yakiwa meusi, yatoa povu povu na moshi kabla hajatia kitu, hayo yamekaanga tangu juzi, ondoka. Na kitu kikitolewa kiwekwe pahali pa kuchuja mafuta, kisitupwe sahanini kikiogelea. Dakika moja tu. Hakuna haja ya kuuliza mtu, kwa hivyo hata mwenye aibu yuaweza.

Kahawa nenda Jaws Corner jioni, ile baraza ya Mji Mkongwe. Kahawa chungu, kikombe kidogo, haina sukari wala usiitafute, kashata ndiyo sukari yako. Ukae barazani na wazee wabishane siasa na mpira. Mimi nilienda kunywa kikombe kimoja nikaondoka na vinne na bado sijui nani alikuwa yuashinda ule ubishi. Ikiwa kahawa yaja kwenye thermos ya plastiki na maziwa ya unga hiyo si kahawa ya pale, tafuta mwenye dele lake, lile birika la kahawa, juu ya makaa.

Mtoto_wa_Buguruni

Miwa mmeisahau nyie watu wazima. Hakikisha anakamua mbele yako na ndimu na tangawizi vinaingia humo humo kwenye mashine pamoja na muwa. Ile iliyokaa kwenye jagi imeshabadilika rangi imekuwa ya kijani cheusi achana nayo. Barafu mi huwa nakataa nchi nzima, sio Zenji tu, maana barafu hujui maji yake. Na ile pizza mtakula tu, mtakuja kunikumbuka hapa.

Nipo_Tu_Nasoma

Mkikosa kabisa mrudi Mwanza mle sato. Nimekaa paleee nasubiri mrejesho.

Sato_wa_Kirumba

Wakuu mrejesho mliokuwa mnausubiri, tumerudi juzi.

Usiku wa kwanza nimekosea. Tumefika tumechoka na boti ilitutikisa, waifu katapika, nikaingia sehemu ya kwanza yenye taa nzuri ufukweni, siitaji jina. Menyu ina picha, Mama nilikukumbuka nikajifanya sijakukumbuka. Nikaagiza kamba wa nazi. Wamekuja kamba saba nimewahesabu, kila mmoja katikati ana baridi, tui limekatika, mafuta juu maji chini. Waifu akamwita kijana akamwambia kwa upole kabisa, "mdogo wangu huyu kamba bado yuko kwenye friji". Wakapeleka wakarudisha wamechemka mpaka wamekuwa raba. Tumelipa. Ndo kupigwa kwenyewe kulikobaki, kuanzia hapo nikamkabidhi waifu uongozi wa msafara.

Siku ya pili mchana Mkunazini. Kweli unaona chakula, waifu kainama kwenye kile kioo kama anakagua mtihani, kachagua changu wa kupaka na wali, mimi pilau. NIMENG'ATA KARAFUU wakuu. Nimekunja uso nikafurahi peke yangu, meza ya pili wakaniangalia. Changu waifu kasema nyama yake tamu ila miiba ina fujo kuliko sato, na nazi ile ya juu ilivyobabuka kidogo na moto kaikwangua yote kwenye ngozi kabla hata ya kugusa samaki. Kwa mtu wa Bukoba hiyo ni sherehe.

Forodhani tulizunguka yote kama tulivyofundishwa. Vijana wanakuvuta, "kaka, dada, hapa freshi", tunasema tunarudi. Bei tukauliza kijiti kijiti na hapo ndo nikaona tofauti, kijiti cha pweza meza moja na meza ya tatu yake kimepishana karibu mara mbili, na pweza ni yule yule. Tulikula pweza na ndizi, waifu kasema pweza ni kama firigisi iliyosoma. Sijui maana yake ila aliagiza tena. Buguruni, pizza tulikula. Moja. Ya ndizi na chokoleti. Usiwaambie watu.

Sasa urojo. Mhudumu wa lodge alituelekeza kwa bibi mmoja uchochoroni huko ndani, hana bango, ana meza, benchi moja na sufuria. Siku ya pili tumefika saa moja usiku anaosha sufuria. "Kimekwisha wanangu, kesho." Waifu alitaka kununa nikamwambia hapana, hapa ndo penyewe, nikamsomea posti ya Mama pale pale tumesimama. Siku ya tatu tumefika saa kumi na robo. Watu wanne mbele yetu, mmoja mtoto wa sare katumwa na kibakuli chake kutoka nyumbani. Bibi anafanya vile vile kama ulivyoandika, viazi, anavunja kachori, nyama anaichomoa kwa kubana kijiti na ganda la mkate, anamwaga, chatne, muhogo juu. Muhogo ulilia. Rojo lile sijui niwaambieje, kijiko cha kwanza masikio yamesikia, halafu ile nazi ya chatne inakuja nyuma inakutuliza, halafu pilipili inakufukuza tena. Elfu tatu bakuli. Nilikula mawili, waifu mawili na robo, maana alimalizia langu.

Siku ya nne boti ni saa tisa na nusu, kwa hiyo hatukumuwahi. Waifu ananiambia turudi Desemba. Kwa sasa ameshika jiko anataka kujaribu mwenyewe, embe bichi hapa Mwanza tumepata, bajia na kachori kajifunza, kwenye chatne ndo tumekwama, nazi tuliyonunua sokoni tumeikuna imetoa harufu kama ya sabuni. Mama, tunakosea wapi?

MamaKaimati

Hamkosei, nazi hiyo imekaa mno, mafuta yake yameshageuka. Ukienda sokoni itikise sikioni, usiposikia maji yanacheza usiinunue. Na angalia yale macho yake matatu, yakiwa na ukungu ama yamelowa rudisha. Ukiivunja onja kipande kabla hujakuna. Chatne ikune laini, pilipili mbichi, ndimu, chumvi, kitunguu thomu kidogo, usipike.

Na mwambie mkwe wangu robo bakuli zake anadaiwa na bibi.